Mawese ndani ya Injini

Asubuhi ile pikipiki ya mume wangu ilikataa kuwaka. Aliipiga teke mpaka akavua koti, na kwa baridi ya milima ya Masisi asubuhi mtu havui koti ovyo. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Moshi wenyewe ulikuwa na harufu ya jikoni. Nilikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, nikadhani jirani anakaanga ndizi, kisha nikakumbuka kwamba jirani yetu hakuwa na ndizi wala mafuta ya kukaangia.

Pikipiki haikuwa yetu. Ilikuwa ya Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, maana hii ilikuwa miaka ya hamsini na kila chenye magurudumu kilikuwa chao. Mume wangu alikuwa muuguzi wa kuzunguka vijijini na sindano zake, ndiyo sababu walimpa. Mtu mweusi juu ya pikipiki siku zile alikuwa kitu cha kutazamwa. Watoto walimkimbilia nyuma, mama zao walisimamisha majembe wakamtazama, na mimi niliwatazama hao mama. Sikuwa mke wa kulala usingizi.

Kila alipotoka safari ndefu alibadilisha mafuta ya injini nyuma ya nyumba, na mimi nilishika beseni. Watu walisema angalia mke anavyompenda mumewe, lakini ukweli ni kwamba niliyataka yale mafuta machafu. Nilipaka nguzo za nyumba mchwa wasizile, nilipaka mbuzi wenye upele, na kila jirani alikuja na kikopo chake kuomba kidogo. Nimezaliwa Karuba, kwenye ng'ombe. Mama yangu alipotoa siagi kwenye kibuyu aliichukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua, akasikiliza kama bado ina maji, akainusa, ndipo akasema iko tayari au irudi ikaoshwe tena. Basi na mimi, bila kufikiri, nilichovya kidole kwenye beseni nikasugua na kunusa.

Mume wangu alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili aliacha kucheka, akanieleza yale aliyofundishwa na fundi wa gereji ya shamba la kahawa. Mafuta yakitoka meupe kama yamechanganywa na maziwa, maji yameingia. Yakiwa mepesi na yananuka petroli, petroli inavujia chini. Ukiona vinyota vya njano vinang'aa, kuna kipande cha shaba ndani kinaliwa. Ukipitisha sumaku ikaota nywele, hicho ni chuma. Halafu tone moja juu ya kitambaa cheupe: likitawanyika taratibu, mafuta bado yana nguvu, likibaki doa jeusi katikati, limekaa tu na ukingo wake, yamechoka.

Kitambaa chenyewe kilikuwa bendeji ya Leta, Mungu atusamehe. Tuliweka tone, tukainama wote wawili, vichwa vikigusana, tukingoja litawanyike. Yeye alisema, "Angalia, Mama, huku ilipanda mulima na mizigo." Mimi nilinusa petroli nikasema, "Na hapa uliacha esanse wazi, muvivu weye." Nikikumbuka ndoa yangu ilikuwa tamu wapi, nakumbuka pale, kwenye beseni, na harufu ya kuungua puani.

Sasa asubuhi ile injini ilipogoma, alisema huenda mafuta yamekwisha nguvu, akafungua buloni, ile skrubu ya chini ya kumwagia mafuta, akaenda kuazima ufunguo mwingine kwa dereva wa misheni. Alikuwa amerudi jana yake jioni. Alisema alitoka Mweso, akapitia Nyamitaba, hukuhuku milimani, kuchoma watoto sindano.

Kawaida mafuta hutoka yakiwa ya moto, yanamiminika. Asubuhi ile injini ilikuwa imelala kwenye baridi. Ukatoka uzi mweusi mwembamba, ukakatika. Nikachukua kijiti nikachokoa kwenye tundu. Likaanguka bonge. Likafuata jingine. Mabonge laini, rangi ya chungwa iliyochafuka na masizi, yakakaa katika beseni bila kuyeyuka.

Nilichukua bonge moja nikalisugua kati ya vidole. Likalainika kwa joto la mkono wangu. Nikanusa. Nikanusa tena. Nikaita jina la Yesu, kwa sauti, mtoto mgongoni akashtuka akalia.

Yalikuwa mawese.

Asiyejua kwetu atauliza mawese yana ajabu gani. Milima ya Masisi haina michikichi, baridi haiitaki. Michikichi iko chini kule, Walikale, kwenye joto na msitu. Sokoni kwetu mawese yalifika kwa kipimo kidogo, yamezeeka, yamechacha, na mama wa nyumba aliyadondosha kwenye sufuria kana kwamba anatia dawa ya macho. Hakuna mtu wa Masisi angeyamimina kwenye mashine. Na haya hayakuwa yamechacha. Yalinuka mabichi, yametoka kukamuliwa. Kule chini yanakaa maji siku nzima, yakipanda huku baridi inayagandisha. Injini ilikuwa imeyanywa ikiwa kwenye joto, ikaja nayo mpaka mlangoni kwangu, yakalala yakaganda.

Nilitia tone kwenye bendeji. Lilifanya doa jeusi katikati na duara la rangi ya kutu pembeni, duara ambalo sikuwahi kuliona. Na vinyota vya njano! Safari za Mweso zilitoa viwili vitatu, vya kutafuta kwa macho makali. Hapa vilijaa. Injini ile ilikuwa imeteremka mbali, imepanda kutoka mbali, imeteseka.

Kwa hiyo mume wangu hakutoka Mweso. Alitoka Walikale. Na huko Walikale kulikuwa na mtu mwenye mawese mengi, anayeipenda pikipiki ya mume wangu kiasi cha kuilisha kwa mkono wake. Nani analisha pikipiki ya mume wa mtu? Mwanamume angejua kwamba injini haili mawese. Huyo alikuwa mwanamke.

Tulifunga ndoa kanisani. Yeye ndiye aliyesoma masomo ya Jumapili, amesimama mbele amenyooka, mashati yake nimepiga pasi mimi. Nilisimama na vidole vyangu vinavyong'aa mawese ya mwanamke mwingine, damu inanichemka, nikaapa peke yangu: nitamuuliza mara moja tu alikotoka. Akisema Mweso, nafunga mtoto vizuri mgongoni, natembea mpaka Karuba, na hanioni tena.

Alirudi na ufunguo, anapiga mluzi.

"Papa," nilisema, "jana ulitoka wapi?"

"Si nilikuambia. Ku Mweso."

"Ku Mweso kuko ngazi?" Ngazi kwetu ndizo chikichi.

"Ngazi gani?"

Nikasukuma beseni kwa mguu mpaka mbele yake. Alichungulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, nimejiandaa hata kwa kofi. Alichuchumaa, akachukua bonge, akasugua, akanusa, kama tulivyozoea. Kisha akakaa chini kwenye tope, na kaptula yake nyeupe ya Leta, akashika kichwa.

"Alimwanga mu moteri," alisema, macho kwenye injini. "Yesu wangu. Alimwanga mu moteri."

"Nani?"

"Mama yangu."

Mama yake alikuwa amekufa. Alikufa kabla sijamjua. Hivyo ndivyo alivyomwambia baba yangu alipokuja kuposa, na siku ya harusi shangazi yake wa mbali ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mama wa bwana harusi. Kila Jumapili mimi niliomba roho yake ipumzike kwa amani. Nilikuwa naombea pumziko la mtu anayekamua mawese!

"Mama yako alikufaka," nilisema.

"Hakukufa. Iko na bukoma. Iko mu kambi ya bagonjwa, kule Walikale."

Alisema bila kunitazama. Alisema baba yangu asingenitoa kwa nyumba yenye ukoma, na hapo hakudanganya. Siku zile ukisikia ukoma katika ukoo hukumaliza hata pombe uliyokaribishwa. Yeye kama muuguzi alijua kwamba ugonjwa hauruki kwa salamu, na kwamba vidonge vilikuwa vimeanza kupatikana. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kumweleza mzee wa Karuba aliyeshika fimbo ni kitu kingine. Kwa hiyo alimuua mama yake kwa mdomo, akaendelea kumtembelea kwa siri kila alipopata nafasi ya kuiba safari.

Sikuamini. Mume anayefumaniwa anaweza kukuletea mama, dada, hata shangazi aliyefufuka.

"Nipeleke," nilisema. "Nimuone na macho yangu. Kama iko mama, tutazungumuza. Kama iko bibi ingine, utaniacha kulekule nirudie na miguu."

Aliosha injini kwa petroli, akaitia mafuta mapya, akaizungusha na kuyamwaga tena mpaka yakatoka bila harufu ya jikoni. Mtoto nilimwacha kwa mama yangu, nikasema naenda kung'olewa jino. Leta haikuruhusu mke kupanda chombo chake, basi barabarani, kila tulipokutana na mtu mwenye cheo, mimi nilikuwa mgonjwa anayepelekwa hospitali. Nilifunga kichwa na kulegeza shingo. Haikuwa kazi ngumu, maana kiti cha nyuma kilikuwa chuma na blanketi, na barabara ile ilinigonga mgongo kuanzia milima yetu hadi msituni. Tulivyoteremka nilivua shali, nikavua sweta. Masikio yaliziba. Migomba ikaisha, msitu ukaanza, na kisha ile michikichi, mingi, na kila mmoja niliutazama kwa chuki.

Kambi ilikuwa safu za nyumba ndogo za udongo, uwanja umefagiliwa vizuri kuliko wangu. Mume wangu alizima injini. Mwanamke alitoka nyumba ya mwisho, anatembea kwa visigino, miguu imefungwa vitambaa. Vidole vya mikono vilikuwa vimefupika. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, hakuna hata unywele.

Nilimtazama usoni na hasira yote ikaniporomoka. Alikuwa na masikio ya mume wangu. Yale masikio yaliyosimama, ambayo binti yangu pia anayo na ambayo nimekuwa nikiyafunika kwa kofia. Hakukuwa na mwanamke mwingine. Nilitaka kucheka, nilitaka kukaa chini.

"Huyu njo nani?" aliuliza yule mama.

Mume wangu, msomaji wa Jumapili, aliinama kupangusa tangi la pikipiki. Nikajibu mwenyewe.

"Mama, mimi njo bibi yake."

Alimgeukia mwanawe. "Uliowa ingine? Na hukuniambia?"

"Ingine namna gani?" nilisema. "Hakuna ingine. Niko peke yangu."

"Mwanangu, usikasirike. Ule wa kwanza, ule wa Karuba, alikufaka wakati ya kuzala. Yeye na mutoto. Tulimulia sana."

Wa Karuba alikuwa mimi. Nilijishika tumbo, nilijishika mikono, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

"Mama," nilisema, "wa Karuba njo mimi. Sikukufa. Wewe njo nilisikia ulikufaka."

Tulitazamana, marehemu wawili, katikati ya uwanja, jua linawaka. Kisha akainua ule mkono wake mfupi akagusa kichwa chake kitupu, polepole, akakipapasa kutoka mbele mpaka kisogoni.

"Nilinyoa juu ya kilio yako," alisema. "Sikupata njia ya kufika ku kaburi. Ikiota, ninanyoa tena."

Sijui kama nimewahi kushtuka kiasi kile kabla au baadaye. Mtu niliyekuja kumtukana alikuwa amebeba msiba wangu kichwani mwake, masika hata masika, na mimi niko Masisi napika maharage. Niligeuka kwa mume wangu.

"Weye uko muganga ao muuaji? Ulitumaliza sisi bote! Na mutoto!"

Akajieleza, maneno yanagongana. Kila alipokuja, mama yake alimwomba amletee mke na mtoto awaone. Mtoto hakuruhusiwa kambini. Mke hakujua kwamba mama mkwe yuko hai. Kukataa alishindwa, kukubali alishindwa, basi siku moja ulimi ukateleza, na ulipokwisha kuteleza hakuwa na pa kuurudisha. Yule mama hakungoja mwisho. Aliokota kuni jikoni kwake, akaishika kwa viganja vyote viwili, akampiga nayo mwanawe juu ya helmeti ya Leta. Ikalia. Akampiga tena. Mimi sikumzuia, kwa nini nimzuie? Alipochoka aliiacha ianguke, akanigeukia, anahema.

"Mutoto iko?"

"Iko, Mama. Iko na meno. Iko na masikio yako."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia, na mume wangu akasimama kando na helmeti yake, hajui amshike nani.

Baadaye, tumekaa, nilimuuliza habari ya mawese. Hakuona aibu yoyote. Alisema kwao mtu akienda safari mama yake anampaka mawese miguuni, njia isimuume. Mwanawe alikuwa amemwambia kwamba siku hizi pikipiki ndiyo miguu yake. Tena alimwona kila mara kabla ya kuondoka anafungua kifuniko, anachungulia ndani, anasema anaangalia kama mafuta yanatosha, kwa sababu yakipungua itakufa njiani.

"Sasa ningepaka wapi?" alisema. "Nilimwanga mule, mulemule anachungulia. Nilimwanga ya muzuri, ya kukamua siku ileile."

"Mama, inaua moteri," alisema mume wangu.

"Basi nitapaka inje," alisema, akakunja uso. "Lakini kupaka nitapaka."

Tulipokuwa tunaondoka alikuja na chupa. Aliipaka pikipiki kwanza: kwenye tangi, kwenye pedali, kwenye ubavu wa injini, na ile injini ya moto ikatoa moshi wa ndizi za kukaanga. Kisha akaja kwangu, akasimama mbali kidogo, ameinua chupa juu ya miguu yangu.

"Nitamwanga tu," alisema. "Sitakugusa."

Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa, ngozi ilinisisimka kutoka kisigino mpaka shingo, na mbele ya macho yangu alipita baba yangu na fimbo yake. Mume wangu alinitazama, na nilijua anangoja nini. Nikivuta mguu, basi ndoa yetu imekwisha hapohapo, hata kama tutarudi juu ya kiti kimoja. Lakini ile "sitakugusa" ilinikasirisha. Mtu aninyolee kichwa, halafu aniogope mguu?

"Mama, nimevunjika mugongo toka Masisi," nilisema, "na utanimwangia tu sawa vile unamwangia mboga? Paka."

Akachuchumaa akapaka. Viganja vyake vilikuwa vikavu na vya joto. Alipaka mpaka kwenye magoti, hakuharakisha.

Sikwenda Karuba ila kumchukua mtoto. Mama yangu alitaka kuona pengo la jino, nikamweleza yote. Kisha akachukua siagi, akaisugua, akainusa, akaifunga kwenye majani ya mgomba, akasema mpe mwenzangu. Baba naye aliambiwa, kwa kipimo, kama anavyopewa mgonjwa chakula, na kwa muda mrefu hakula kwetu. Mtoto hakuweza kuingia kambini, basi nilichovya kiganja chake kwenye mafuta machafu ya injini, nikakibandika juu ya bendeji ya Leta. Kikatoka kiganja cheusi, vidole vyote. Mume wangu alikipeleka chini pamoja na siagi, siagi ikafika imekuwa maji, kiganja kikafika kizima. Yule mama alikitundika juu ya kitanda.

Tangu hapo mume wangu hakuniambia tena Mweso kama ni Walikale. Ila mimi niliendelea kusoma. Aliporudi, kabla ya kumsalimia, niliinama kwenye pikipiki. Mawese yalikuwa yameshika vumbi la njia nzima, yamekuwa ganda jekundu. Yakiwa hadi juu ya tangi, nilijua mama mkwe alisimama mwenyewe na alikuwa na nguvu. Yakiwa kwenye pedali tu, nilijua alipaka akiwa amekaa. Safari moja yalikuwa mstari mmoja chini ya injini, karibu na gurudumu, mahali mtu anaweza kufikia akiwa amelala mkekani. Nikamtumia siagi nyingi.

Kisha jioni moja mume wangu akarudi kutoka Walikale, mvua za masika zimekwisha. Alizima injini akabaki juu ya kiti. Niliinama. Nilipitisha kidole kwenye tangi, kwenye pedali, kwenye ubavu wa injini, chini kabisa karibu na gurudumu. Kidole kilitoka na vumbi kavu, la kijivu, basi.

Mume wangu alikuwa bado anafungua mkanda wa helmeti. Sikumngoja aseme. Niliingia ndani kutafuta wembe.

Nywele zilipoanza kuota, nilinyoa tena.